Nesi Aliyeninyima Vidonge

Wanawake wa kota za reli pale Kilosa walikuwa wakimsifu Nesi mpaka inakera. Ukienda bombani, Nesi. Ukienda sokoni kununua bamia, muuza bamia naye ana la Nesi: kamzalisha binti yake bila kumtukana, kamsafisha mama yake kidonda. Nilikuwa nakinga ndoo yangu nasikiliza, nasema moyoni, haya, na tumbo lake nalo lisifuni basi. Maana Nesi, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha watu uzazi wa mpango, hakuwahi kumaliza miaka miwili bila kushika mimba.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko yote. Mimi nilikuwa na mtoto mmoja, Sikudhani. Nilimzaa nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa kifafa cha mimba, na baada ya hapo presha ikakataa kushuka, mkojo ukawa unatoka na povu. Madaktari wa Morogoro walinipima wakasema figo zimeumia. Hazijafa, lakini zimeumia, na nikibeba mimba nyingine inaweza kuzimaliza, na mimi nife nazo. Karatasi yao niliipeleka kliniki ya mama na mtoto, na aliyeifungua ni Nesi. Aliisoma akiwa ameilaza juu ya tumbo lake la miezi sita. Akaniambia, "Mama Sikudhani, wewe na mimba mkae mbalimbali." Nililitazama lile tumbo nikatamani kumuuliza, na wewe je?

Hakuwa mzuri wa sura. Sisemi hivyo kwa wivu. Haya, nasema kwa wivu, lakini ni kweli: pua kubwa, meno ya mbele yameachana, mwendo wa mtu aliyebeba ndoo hata kama hakubeba. Kilichokuwa kizuri kwake ni sauti. Hakuipandisha. Wenzake walikuwa wakimfokea mjamzito mpaka watoto waliokaa nje wanalia. Yeye akikugombeza unalazimika kuinama umsikie, na ukishainama umekwisha, unakubali. Alikuwa ananawa mikono muda mrefu, kidole kimoja kimoja, na kabla ya kukusalimia wewe mgonjwa alimsalimia kwanza mtoto uliyembeba. Sikudhani wangu, aliyekuwa akimlilia kila mtu, alimwendea siku ya kwanza tu, akajilaza kwenye lile tumbo akasinzia. Nikamchukua, na sikumchukua taratibu.

Halafu kulikuwa na kiberenge. Mume wangu alikuwa kwenye genge la reli, wale wanaokaza boliti na kubadilisha mataruma. Gari la kliniki lilikuwa limekufa siku nyingi, na treni hazikuwa na saa ya kuaminika, basi kila Jumatano genge lake ndilo lililompeleka Nesi mpaka kituo cha Munisagara kuchanja watoto. Kiberenge chao kilikuwa cha kusukuma: wanaume wanakimbia nyuma wanakisukuma, kikishachanganya wanadandia. Nesi alikaa mbele juu ya ubao, kasha la chanjo mapajani, mwavuli mkononi, kama bibi harusi kabisa. Bombani wenzangu hawakuniacha.

"Mama Sikudhani, mwenzio leo kasukumwa na mumeo mpaka Munisagara."

Nilicheka nao. Mimi mume wangu hajawahi kunisukuma hata kwenye baiskeli.

Jioni anarudi na habari za Nesi mdomoni kabla hata ya kuuliza chakula. Mara moja aliniambia, "Yule mama anaogopa madaraja. Tukifika darajani anafumba macho."

"Umejuaje amefumba macho, na wewe unasukuma kwa nyuma?"

Akaomba maji ya kuoga.

Jumatano nyingine alikuja na amri. Nesi kasema chumvi iwe ya kuonja tu. Akachukua kopo langu la chumvi akaliweka juu ya kabati, ambako silifikii bila kupanda stuli. Nilikaa jikoni nikalitazama lile kopo, nikaona kwamba hata chungu changu sasa kina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Nikamuuliza kwa ukali, huko njiani mnaongea nini ninyi wawili?

"Ananiuliza umelalaje, miguu imevimba, mkojo una povu. Nikijibu sijui, ananiambia Jumatano ijayo uje unajua."

Na kweli alianza kuitazama miguu yangu asubuhi kabla hajaenda kazini. Mke mwingine angefurahi. Mimi niliona natazamwa kwa agizo la mwanamke mwingine.

Nesi alikuwa na misemo yake, na watu waliirudia kama aya. Mwanamke akiitikia kila kitu bila kuelewa, alimwambia, "Usiseme ndiyo ili unifurahishe mimi, mimi silali kwako." Wanaochelewa kuja kliniki kwa sababu ya msiba, mvua au mkwe, aliwaambia mwili hauombi ruhusa. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mchelewaji wa kutupwa. Tulikuwa tunamngoja kwenye benchi mpaka jua linatufuata ukutani, na akifika hatoi udhuru, anafungua kasha lake la kupimia presha kana kwamba sisi ndio tumewahi. Msemo niliouchukia kuliko yote ulikuwa huu: "Kanga ya jirani utaiazima, dawa yake hutaiazima." Huo aliutunga kwa ajili yangu, na sababu yake ni Mama Rehema.

Mama Rehema alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Nesi alimwanzishia vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, na miezi michache tu baadaye mtoto wa watu akabadilika. Mashavu yakajaa, shingo ikaweka pingili, gauni la sikukuu likambana. Mimi nilikuwa nimekonda mpaka kola ya gauni inasimama yenyewe. Nikaenda kliniki nikiwa nimejiandaa.

"Shikamoo Nesi. Na mimi nataka vidonge."

"Marahaba. Vidonge hivi kwako hapana. Vinapandisha presha, na yako iko juu bila kusaidiwa. Tena mtu mwenye figo zinazovuja kama zako, vinaweza kumgandishia damu kwenye mishipa."

"Mwenzangu umempa."

"Mwenzako nimempima." Ndipo akanipa ule wa kanga.

Alinieleza na mengine. Alinieleza habari za kitanzi, kile kidude kidogo cha shaba kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi. Alisema hakina dawa ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo presha na figo haviguswi. Lakini sikio langu lilikuwa limeshafunga. Bombani walisema kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo. Na mimi nilichosikia ni kwamba vya kunawirisha anapewa Mama Rehema, na mimi napewa chuma. Likanijia na wazo baya zaidi, naliandika kwa sababu nililiwaza kweli: huyu anataka nibaki mkavu hivi hivi, ili mume wangu aendelee kumsukuma.

Hiyo ndiyo miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Tuliokuwa tunapanga foleni ya sabuni tukaanza kuchagua sabuni kwa rangi. Dada yangu aliishi Mikumi, akiuza chai na chapati kando ya barabara kuu, na kila nikienda kumsalimia nakuta kibanda kipya: mitumba, redio, vipuri vya malori. Safari hiyo nilikuta duka la dawa la mtu binafsi, lina kioo na pazia. Muuzaji alikuwa dada mdogo mwenye koti jeupe, kucha amezipaka rangi. Hakunipima presha, hakuuliza mkojo wangu una rangi gani. Aliniuliza tu nataka vya miezi mingapi. Nikasema mitatu. Nilirudi Kilosa nimepanda lori la mbao, pakiti zimefungwa kwenye ncha ya kanga, na njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Nesi nimemweza.

Mwezi wa pili wa kumeza nikaanza kunenepa. Kwanza uso, asubuhi naamka macho yamekuwa madogo kwa sababu mashavu yamepanda. Kisha mikono. Bangili zikakataa kutoka. Miguu ikajaa mpaka kandambili zikaniachia alama. Kichwa kilikuwa kinauma, lakini nani anajali kichwa wakati anasifiwa? Muuza bamia aliniambia reli imepandisha mishahara nini. Mama Rehema mwenyewe aliniita ukutani aniangalie vizuri. "Umependeza, mwenzangu. Mwanaume akitulia, mke anaonekana." Mume wangu naye, aliyekuwa akinipapasa mbavu kwa woga, alisema, "Umeanza kurudi." Usiku huo sikulala kwa furaha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, au pengine ndilo lililoniokoa. Nilitaka Nesi anione. Nilichagua siku yenye watu wengi kliniki, nikavaa gauni jipya la mtumba la maua makubwa, nikapita mbele ya benchi polepole kama naelekea sokoni, wakati soko liko upande mwingine. Nesi alikuwa mlangoni, ameshika kiuno, mimba yake ya saba imefika miezi saba. Nikamwamkia kwa sauti ili wote wasikie.

Hakuitika. Alikuja akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi, akapiga magoti mbele yangu kwa shida na tumbo lake, akapandisha gauni langu kidogo. Akaweka kidole gumba kwenye muundi wa mguu wangu akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo. Alipokitoa, shimo likabaki. Lilibaki vilevile, kama umebonyeza donge la maandazi. Wanawake wote wa benchi wakaliona.

"Huku si kunenepa, Mama Sikudhani," alisema kwa ile sauti ya kuinamia. "Haya ni maji."

Alinipeleka ndani akanipima presha mara mbili, kwa sababu ya kwanza hakuiamini. "Unameza nini?"

"Simezi kitu."

"Siulizi ili nikuseme. Nauliza ili nijue pa kuanzia."

Nilifungua ncha ya kanga nikaweka pakiti mezani. Aliigeuza, akaisoma nyuma, akaitia kwenye mfuko wa koti lake. Nilingoja anitukane, maana ningetukanwa ningepata pa kumchukia. Alisema tu kwamba tunakwenda Morogoro leo hii, nimtume mtu nyumbani alete nguo.

Alinisindikiza mwenyewe, ndani ya basi, na tumbo lake, mkono wake umekaa kwenye mkono wangu akihesabu mapigo. Sikumshukuru. Nilikuwa naona abiria wanampisha kiti yeye, si mimi. Nililazwa wiki tatu. Daktari aliniambia ningechelewa kidogo figo zisingesubiri, au kichwa kingepasuka mshipa. Mume wangu alikuja Jumamosi mbili, na mara zote mbili aliniambia Nesi kasema ni chumvi na uchovu. Nesi hakumwambia habari za vidonge. Siri yangu aliinyamazia, na hata hilo liliniudhi, kwa sababu sasa nilikuwa na deni la heshima kwa mtu niliyetaka kumchukia bure.

Niliporudi, presha imeshuka kwa dawa, aliniita kliniki. Mume wangu alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Baba Sikudhani aingie au abaki nje?" Nesi aliniuliza mimi, si yeye.

"Abaki nje," nilisema haraka. Si kwa sababu ya haya. Sikutaka wakae chumba kimoja.

Akaweka kila kitu mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayeuza vyombo. Akasema dawa ninazomeza za presha nazo si rafiki wa mimba, kwa hiyo bila kinga nisimeze kwa matumaini. Kuna vidonge vingine, vya wanaonyonyesha, havina ile dawa iliyoniponza, ila vinataka saa ileile kila siku. Kuna sindano, ambayo ikiingia haitoki mpaka miezi mitatu ipite, hata ikikukataa. Kuna kondomu, ambazo zinamtegemea aliyebaki nje. Kuna kufunga kabisa, mimi au yeye. Kuna kitanzi. Alinipa mkononi nikishike. Kilikuwa kidogo kuliko hereni.

"Hiki nacho kina ubaya wake," alisema. "Kitakuongezea damu ya mwezi, na wewe damu yako ni chache. Ukikichagua nitakupima damu kila ukija, na utameza vidonge vya kuiongeza. Ikikushinda nakitoa, siku hiyohiyo. Na hayo ya kupanda moyoni, tazama hapa." Akachora mfuko wa uzazi kwenye karatasi, akanionyesha kwamba kati yake na moyo hakuna njia. "Sasa, unataka kipi?"

Nilikigeuza kile kitanzi kiganjani. Madaktari waliniambia, mume aliniamuru, bomba lilinishauri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechagua kwa kumtazama Mama Rehema. Lakini kuulizwa, sikuwa nimewahi. Nikasema kitanzi. Nesi akanawa mikono, kidole kimoja kimoja.

Kilinikaa miaka mingi. Figo hazikupona, lakini zilitulia, nikamlea Sikudhani mpaka akavaa sare ya sekondari. Ningependa kusema wivu nao ulitulia. Haukutulia. Nesi alijifungua yule wa saba, kisha wa nane, na mara zote mbili nilienda kumpongeza na kanga mpya, nikamshika mtoto, nikarudisha mtoto, nikaenda kulia chooni. Nilikuwa nawaza, anajua yote anayoyajua, anaweza kuzaa na anaweza kuacha, akachagua kuzaa. Kuna watu Mungu anawapa na chenji.

Nilimwona mara ya mwisho Mikumi. Genge la reli lilikuwa limeshapunguzwa, mume wangu amepunguzwa nalo, tunalima mpunga Tindiga. Nesi alikuwa amestaafu, mumewe amefariki, anakaa kwenye nyumba ya mwanawe nyuma ya barabara kuu. Nilimpelekea mchele. Nilimkuta ameketi mkekani, amepungua mwili, anachambua mboga. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Baba Sikudhani hajambo?" na mimi, mtu mzima na mvi zangu, moyo ukaruka kama zamani.

Binti mmoja mrefu alitoka jikoni akaja kuniamkia. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Nesi akamvuta mkono, akamfuta masizi shavuni kwa ncha ya kanga yake, akamwambia aongeze mchele, mgeni atakula. Walipendana, huhitaji kuambiwa. Yule binti alipoingia ndani nilishindwa kujizuia.

"Nesi, mimi nilikuonea wivu miaka yote ile."

"Najua. Wa mumeo."

"Mwanzoni wa mume wangu. Baadaye wa matumbo yako. Kila ulipobeba nililia."

Aliacha kuchambua.

"Hata mimi," alisema.

Sikumwelewa. Akaniambia basi, kwa sauti ileile ya kuinamia, kwamba katika wale watoto wake wanane, ni watatu tu aliowataka. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mtunza stoo pale kliniki. Kila kidonge, kila sindano, kila kitanzi kilichotoka, alijua kimekwenda kwa nani. Alikuwa akimwambia mkewe, wewe funga matumbo ya watu, la kwako naamua mimi. Mara moja Nesi alijaribu kuficha sindano moja ajichome mwenyewe. Alipigwa, akiwa na mimba changa tayari, ambayo wala hakuwa anaijua.

"Siku ile kliniki uliponiambia unataka kitanzi, nilikuonea wivu, Mama Sikudhani. Nilikuwekea kwa mikono yangu, mtoto ananipiga mateke tumboni. Nikanawa, nikarudi nyumbani kwa mume wangu."

Nilimuuliza ni mtoto gani aliyekuwa tumboni siku ile. Alinyanyua kidevu kuelekea jikoni, kwa yule binti. Sikuthubutu kumuuliza kama ni mmoja wa wale watatu.

Chakula kikaletwa, wali na kuku. Yule binti alininawisha mikono, akanitafutia paja, akaliweka upande wangu wa sinia, akasema nile nisione haya, hapa ni nyumbani. Nilimshukuru nikiwa nimeinama. Sikuweza kumtazama usoni.